Gari Linapolia Chini

Leo tunaweka kando habari za mbolea na dawa, tuzungumze juu ya gari.

Vikundi vingi vya wakulima huchanga fedha vikanunua pikapu iliyokwisha kutumika, ili mazao yafike sokoni bila kumngojea mchuuzi. Ni jambo jema. Lakini safari ya pili au ya tatu tu, mnasikia chini ya gari: kwi, kwi, kwi! Fundi anainama, anatazama, anasema, "Hiyo ni gia boksi." Mnauza mbuzi, mnalipa, na mlio bado upo.

Basi ndugu mkulima, kabla ya kufungua mfuko, jiulize maswali matatu.

Kwanza: je, mlio unasikika gari likiwa limesimama, injini inanguruma? Kama ndivyo, huenda sababu iko kwenye injini. Mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea au kuchakaa.

Pili: je, mlio unabadilika ukikanyaga breki kidogo? Kama ndivyo, tazama breki. Huenda pedi zinakaribia kwisha. Nyingine zina kibati kilichowekwa makusudi kipige kelele, kumwonya dereva. Tena, katika barabara zetu za changarawe, kijiwe huweza kunasa kati ya diski na bati linaloikinga. Kikitolewa, kelele imekwisha. Lakini usipake mafuta wala grisi kwenye pedi ili zinyamaze. Zitanyamaza, na gari halitasimama!

Tatu: je, mlio unafuata mwendo wa gari, hata ukikanyaga klachi? Hapo hesabu. Dereva aende mwendo wa mtu, na mwenzake atembee kando, mbali kidogo na gari, akisikiliza. Mlio ukija mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, anza kutazama kwenye gurudumu. Ukija mara nne au zaidi, tazama propela, yaani lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Kwa pikapu nyingi, propela huzunguka karibu mara nne gurudumu linapozunguka mara moja.

Kwenye ncha za propela mna krosi, chuma chenye umbo la msalaba. Kila ncha yake huzunguka juu ya vijisindano vinavyohitaji grisi. Grisi ikikauka, krosi hulia. Ikiendelea kulia huku imebeba magunia, huliwa, mwisho hukatika. Propela ikianguka upande wa mbele, huweza kuchimba ardhi gari likiwa mbioni. Hapo tunazungumza juu ya roho za watu, si mahindi tu.

Kuichunguza si kazi ngumu. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha toa gia. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika propela kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike upande wa pili wa krosi, uzungushe huku na huku. Ikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu, krosi imekwisha; ibadilishwe. Kama haichezi na ina nipeli, pampu grisi mpaka itoke kwenye ncha zote nne.

Wengine humwagia oili chafu kwa juu. Mlio hupotea siku moja mbili, nao hufurahi. Ndugu zangu, kunyamaza si kupona. Oili hiyo haifiki kwenye vijisindano.

Mkimpelekea fundi, mwambieni apige alama kwenye propela kabla ya kuifungua, airudishe kama ilivyokuwa. Isipokuwa hivyo, gari litatetemeka.

Kwa hiyo, mlio ukianza leo, tafuteni chanzo leo, kabla ya kupakia. Kazi njema, na safari njema ya sokoni.