MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: LAKINI MWENYEJI NI NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya biashara ya watalii. Labda mtu atauliza, "Watu wa reli wanajua nini juu ya watalii?" Jibu letu ni fupi: mtalii hafiki po pote bila ya kuchukuliwa na mtu. Mwaka 1909 Bwana Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda katika nchi hii, alipanda garimoshi kutoka pwani, akaketi mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Habari zake zimeandikwa sana. Aliyetia kuni katika injini ile hatukusomeshwa jina lake shuleni.

Leo twataka kuutazama mji mmoja wa mbali, maana ni rahisi kuona kisogo cha mwenzako kuliko chako mwenyewe. Mji huo ni Queenstown, katika nchi ya New Zealand, kando ya ziwa liitwalo Wakatipu, katikati ya milima yenye theluji. Mwaka 1862 dhahabu ilionekana katika mito ya huko, watu wakamiminika. Dhahabu ilipopungua, mji ukabaki na kondoo, ziwa na milima.

Sisi wa reli yafaa tujue jambo hili. Meli kubwa ya ziwa lile, iitwayo Earnslaw, ilijengwa kwa amri ya Shirika la Reli la New Zealand. Vipande vyake vilipelekwa kwa garimoshi mpaka kituo cha Kingston, mwisho wa reli, vikaungwa pale pale, na meli ikaingia majini mwaka 1912. Ni kama meli yetu William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande ikaungwa Kisumu, ikaelea katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Earnslaw ilichukua kondoo, sufu na barua. Barabara zilipotengenezwa, kazi yake ikapungua, na mwaka 1969 ikapewa kampuni ya kuchukua watalii. Tangu hapo watia makaa wamefanya kazi huku wageni wakisimama juu yao, wakiwatazama kwa furaha. Jasho la kazi limekuwa maonyesho!

Tena wenyeji wa mji ule walitafuta njia za kumfanya mgeni asipite tu. Mwaka 1947 wakafungua mlima wa Coronet Peak kwa watu wa kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1967 wakaweka vigari vinavyopanda mlima kwa waya. Mwaka 1988, katika daraja la zamani la mto Kawarau, watu wawili walianzisha biashara ya ajabu: mtu hufungwa kamba ya mpira miguuni, akajitupa chini mita 43, kamba ikamrudisha juu. Kwa hofu hiyo hulipa zaidi ya dola 200 za huko, yaani zaidi ya Sh. 14,000 zetu.

Sasa tuyaangalie mambo manne.

Jambo la kwanza: hesabu ya vichwa si hesabu ya fedha. Mgeni apitaye na basi, akashuka kujinyosha miguu na kununua maji, huhesabiwa mmoja. Mgeni alalaye siku tano, akala, akafuliwa nguo, akapanda meli na kujitupa darajani, naye huhesabiwa mmoja. Lakini huyu wa pili ameacha kazi kwa mpishi, dobi, dereva na fundi. Wazee walitufundisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mji wa watalii mambo ni kinyume. Mgeni wa siku ya tatu ndiye anayetakiwa sana, na jembe tunapewa sisi.

Jambo la pili: msimu. Queenstown ina mavuno mawili kwa mwaka. Kuna wakati wa joto, mwezi wa Desemba hata Februari, na kuna wakati wa theluji, mwezi wa Juni hata Septemba. Kama hawangelifungua ule mlima, miezi ya baridi ingekuwa miezi ya njaa. Tazameni sasa pwani yetu. Mvua ya masika ikianza, hoteli nyingine hufunga milango, na wafanyakazi huambiwa waende nyumbani mpaka waitwe. Mwenye hoteli hufunga mlango wake, lakini mfanyakazi hawezi kufunga tumbo lake. Kwa hivyo shauri la kutafuta msimu wa pili si shauri la matajiri peke yao. Ni shauri la chama cha wafanyakazi.

Jambo la tatu ndilo kubwa: mahali pa kulala. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2013, wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 28,000. Mwaka 2023 walikuwa wapatao 48,000. Mwenye nyumba akiona kwamba mgeni hulipa kwa usiku mmoja fedha nyingi kuliko mpangaji, huwapa wageni nyumba yake. Basi anayetandika vitanda vya wengine hukosa kitanda. Katika miaka ya 2022 na 2023 habari zilienea kwamba wafanyakazi wa mji ule wengine walilala ndani ya magari, na wengine walibanana wengi katika chumba kimoja. Tena si kwamba mshahara wa sheria ni mdogo. Tangu Aprili 2025 kima cha chini nchini humo kilikuwa dola 23.50 kwa saa, yaani zaidi ya Sh. 1,600. Mtu wa Nairobi akisikia hivyo atataka kufunga mizigo leo hii. Lakini mshahara hupimwa kwa kile kinachobaki baada ya kodi ya nyumba. Wazee wetu walioishi katika landi za Muthurwa walijua jambo hili. Vyumba vilikuwa vidogo, na watu walilalamika kwa haki, lakini nyumba ilikuwa sehemu ya mapatano ya kazi. Huko Queenstown iliwapasa kuunda mfuko maalum, mwaka 2007, wa kuwapatia nyumba wakaaji wasioweza kumudu bei za mji wao.

Jambo la nne: nani hulipa gharama za mgeni? Mgeni hutumia maji, barabara na choo. Katika New Zealand kila kitu kinachonunuliwa hutozwa kodi ya 15 kwa mia, nayo huenda kwa Serikali kuu, Wellington. Lakini mabomba ya maji na mitaro ya mji hutengenezwa na baraza la wilaya kwa fedha za wakaaji. Ndipo mwaka 2019 wakaaji wakapiga kura, na zaidi ya watu 8 katika kila 10 waliopiga kura walikubali mgeni atozwe kitu kidogo kwa kila kitanda. Hata hivyo kura peke yake haikutosha, kwa sababu kodi ya namna hiyo lazima ipate sheria ya Bunge. Serikali kuu nayo ilianza mwaka huo huo kuwatoza wageni wengi wa kutoka nje dola 35 kila mmoja, na tangu Oktoba 2024 ikawa dola 100. Fedha hizo hukusanywa na Serikali, si na mji.

Kisha ikaja 2020. Mwezi wa Machi nchi ile ilifunga mipaka yake kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na haikuifungua kwa wageni wote mpaka katikati ya 2022. Mji uliokuwa ukipata zaidi ya nusu ya fedha za utalii kutoka kwa wageni wa nchi nyingine ukanyamaza. Vijana wengi waliotoka nje kufanya kazi wakarudi kwao. Mipaka ilipofunguliwa, wageni walirudi upesi, lakini wapishi na watandikaji hawakupatikana. Ndipo matajiri walipotambua kwamba mlima haupiki chakula, wala ziwa halifui mashuka.

Ndugu zetu, haya si hadithi ya ng'ambo tu. Kenya mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Mwaka 2024 walikuwa karibu milioni 2.4, na Serikali ilisema walileta Sh. bilioni 452. Gawanyeni wenyewe: ni kama Sh. 188,000 kwa kila mgeni. Sasa aulizwe mwanamke anayefua mashuka Diani, au kijana anayebeba mizigo Mlima Kenya: katika zile Sh. 188,000, wewe umeona ngapi?

Hatusemi wageni wasije. La! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wenyeji ni wengi. Mwenye hoteli ni mwenyeji, Serikali ni mwenyeji, na mfagiaji ni mwenyeji pia. Haifai apone mmoja na wengine wazidi kuugua.

Wala hatusemi haiwezekani. Tangu miaka ya 1970 hoteli zetu hutoa 2 kwa mia ya mauzo yao, na fedha hizo zimekisaidia Chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975, ambako maelfu ya vijana wetu wamejifunza kazi. Kama fedha za mgeni ziliweza kumpa mfanyakazi elimu, zaweza pia kumpa paa.

Basi twaomba kila tawi, likisikia kwamba hoteli mpya au njia mpya ya watalii inakuja, lisikae kimya kungoja sherehe ya kufungua. Liulize maswali manne. Wageni watalala siku ngapi? Msimu ukiisha, wafanyakazi watakula nini? Watalala wapi, na kwa kodi ya nyumba kiasi gani? Maji na taka za wageni zitalipwa na nani? Majibu yaandikwe katika mapatano kabla ya tofali la kwanza, maana baada ya jengo kusimama, mwenye jengo husikia kwa shida.

Mfanyakazi mmoja akiuliza maswali hayo ataitwa mkorofi. Tukiuliza sote, yataitwa mapatano.