Mbwa wa Nyanya

Shule zikifungwa watoto huenda kwa nyanya mashambani, na mbwa wa boma huwa rafiki yao. Kabla hawajasafiri, muulize nyanya kama mbwa amechanjwa mwaka huu. Kisha mwambie kila mtoto: ukiumwa na mbwa au ukikwaruzwa, sema, hutachapwa. Wengi huficha kwa sababu walimchokoza, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Nyanya naye ajue: kidonda huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Hakuna mfereji? Amimine kwa kikombe. Asipake tope wala majani. Siku hiyo hiyo mtoto apelekwe hospitali akaanze chanjo, wala msingoje kuona kama mbwa atakufa.