Jarida na Msomaji Wake wa Kyela
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, basi nitasema juu ya jarida moja tu.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, nayo ikaanza kutoa jarida mwaka huo huo. Kamati ikageuka Chuo mwaka 1964, ikawa TUKI mwaka 1970, na leo ni TATAKI. Jarida lenyewe huitwa Kiswahili. Mwaka 1957 toleo la 27 lilipewa nyongeza: Utenzi wa Vita vya Maji Maji, wa Abdul Karim bin Jamaliddini, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mtunzi hakuwaunga mkono wapiganaji, lakini hata leo mwanahistoria wa vita ile hana budi kuusoma.

Sasa, wenzetu wa Marekani hulipima jarida kwa kuhesabu makala zake za miaka 2 iliyopita zimetajwa mara ngapi na wataalamu wengine. Wazo hilo alilitoa Eugene Garfield mwaka 1955. Kwa madaktari huenda linafaa. Kwa utenzi, miaka 2 ni nini?

Nilipoanza kufundisha huku nilikuwa na toleo moja lililochakaa, lenye makala juu ya ule ubishi wa mashairi yasiyo na vina. Nililipitisha darasani, kisha likaenda kwa walimu wa Ipinda na Matema, likarudi na alama za chai. Kijana mmoja akaniletea wimbo ambao bibi yake aliuimba kwa Kinyakyusa wakati wa kuvuna mpunga, akauliza: huu nao tuuweke upande gani? Sikuwa na jibu. Mvua za Aprili (nazo mnazijua) zikalilowesha toleo lile, kurasa zikagandamana. Katika hesabu ya Garfield wasomaji wale wote ni sifuri.

Lakini nisimlaumu Garfield peke yake. Wimbo ule sikuuandika. Bibi amekwisha fariki, na kijana anakumbuka mistari mitatu tu.

Sasa nina daftari, nimeanzia Ngonga. Ambaye mama yake bado anaimba, tafadhali anione pale chini ya mwembe kabla magari hayajaondoka.