Amana Iliyo Nyuma ya Kuta

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, Mwenye kupokea toba ya mja wake hata makosa yake yakiwa mengi. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa awe rehema, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Enyi Waislamu! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu, leo tuwakumbuke watu ambao hatuwaoni katika safu zetu, wala katika safu za mama zetu nyuma ya pazia. Nao ni wanawake waliomo magerezani, hasa wale walioingia humo na maradhi ya ulevi: pombe, bangi, na huu unga uitwao heroini uliobomoa nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam. Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kuwa wanawake na wasichana zaidi ya 740,000 walikuwa vifungoni duniani.

Uharamu wa ulevi hauna mjadala. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imekwisha kukata shauri. Lakini je, aliyeanguka katika haramu hii amepoteza haki ya kuhurumiwa? Imamu Bukhari amepokea kwamba mtu mmoja mlevi aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaadhibiwa. Alipokwenda zake, baadhi ya watu wakamwapiza afedheheshwe na Mungu. Mtume akawakataza, akawaambia wasimsaidie Shetani juu ya mwenzao. Tazameni: adhabu ilipita, na udugu ukabaki.

Basi ni wangapi miongoni mwetu wanaomsaidia Shetani juu ya dada zao? Mwanamume akifungwa, mama yake na mkewe hufika langoni na kikapu. Mwanamke akifungwa, mara nyingi mume humpa talaka, ndugu husema ametutia aibu, na jina lake halitajwi tena nyumbani. Hakimu amemhukumu miezi, nasi tumemhukumu maisha.

Sikilizeni sasa maneno ya madaktari, maana kuhurumia bila ya kujua hakufikishi mbali. Mtu aliyezoea heroini akikatiwa ghafula, haipiti siku moja au mbili ila huanza kuumwa mifupa, kutapika, kuharisha, kutoka jasho na kukosa usingizi. Hali hiyo wenyewe huiita arosto. Siku ya pili na ya tatu huwa ndizo ngumu zaidi, na asiponyweshwa maji na kutazamwa anaweza kufa kwa kukaukiwa. Aliyezoea pombe kali naye aweza kushikwa na kifafa. Basi anayelia usiku katika chumba cha gereza si lazima awe anafanya ukaidi; ni mgonjwa.

Jambo ni zito zaidi akiwa mja mzito, kwani kumkatia heroini kwa ghafula kwaweza kuharibu mimba au kumzalisha kabla ya wakati. Kwa hiyo madaktari humpa dawa iitwayo methadoni, kwa kipimo na chini ya uangalizi. Dawa hii imetolewa katika Hospitali ya Muhimbili tangu mwaka 2011, na Malindi tangu mwaka 2015. Asiseme mtu kuwa huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hiyo ni tiba, na Mtume wetu ametuamrisha kujitibu.

Imamu Muslim amepokea habari ya mwanamke wa Ghamid, aliyekiri kosa kubwa naye ana mimba. Mtume hakumwadhibu mpaka alipojifungua na mtoto akaachishwa ziwa. Ikiwa hukumu yenyewe ilisubiri kwa ajili ya mtoto, vipi sisi tumsahau mtoto aliyemo gerezani na mama yake? Sheria ya Kenya inamruhusu kukaa humo mpaka atimize miaka 4. Mtoto huyu hakushitakiwa kwa lolote.

Wala kumtunza mfungwa si fikra iliyotoka ng'ambo. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kwamba wafungwa walishwe na wavishwe kwa mali ya umma, kiangazi na masika, na akawataja wanawake na mavazi yao. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Desemba 2010, Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni 70 za wanawake wafungwa, ziitwazo za Bangkok. Zimo humo zinazotaka matibabu ya ulevi yanayozingatia wajawazito na wenye watoto.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema zimfikie Mtume wake.

Enyi waja wa Mungu! Lipo jambo moja nataka mtoke nalo. Siku ya hatari kubwa si ile ya kuingia gerezani, bali ni ile ya kutoka. Mwili uliokaa miezi bila ya unga umepoteza uzoefu wake. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika. Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoua wengi. Na nani humrudisha kwenye unga? Mlango wa kwao uliofungwa.

Basi mwenye binti au dada kifungoni na amtembelee, wala asithubutu kumpelekea kitu cha haramu. Amweleze mwuguzi wa gereza alikuwa akitumia nini na kama ana dawa za ukimwi au kifua kikuu, zisikatike. Siku ya kutoka, apokewe langoni na mtu wa kwao, apelekwe kliniki, apewe pa kulala. Akina mama wa msikiti wachague wenzao wa kazi hii, na wenye mali wawasaidie nauli.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wafungulie wafungwa wetu njia ya toba, walinde watoto wao, na usitujaalie kuwa wasaidizi wa Shetani juu ya dada zetu. Amin.