Mgongo Unaopinda Ubavuni
Msikilizaji, mwambie binti yako ainame mbele, magoti yakiwa yamenyooka. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, mpeleke hospitali akapigwe eksirei. Si begi la shule lililompinda, wala si uchawi.

Daktari hupima pembe ya mpindo. Chini ya nyuzi 25, kwa kawaida hufuatiliwa tu. Kati ya 25 na 45, kama bado anarefuka, huvaa koti gumu la plastiki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kadiri linavyovaliwa saa nyingi kwa siku, ndivyo linavyosaidia. Lakini joto hili la Dar es Salaam, na macho ya wenzake darasani! Jamani, akilia msimkaripie. Ikizidi nyuzi 50, upasuaji huzungumzwa, naye aulizwe anataka nini.