NGUZO YA ERIALI: NUSU YAKE IMO ARDHINI

(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa reli mbele ya wanachama wa tawi la Nakuru)



Ndugu kadhaa wameniuliza habari za nguzo iliyosimama nyuma ya nyumba yangu. Wengine walidhani ni ya televisheni, na mmoja alidhani nimeweka kinga ya radi. Sivyo. Ni eriali ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuzungumza na watu wa mbali bila kulipwa na bila kuuza kitu. Katibu aliniambia, "Usieleze mmoja mmoja, njoo useme mbele ya wote." Basi nimekuja.

Kwanza ni sheria. Kusikiliza ni jambo moja, kupeleka sauti hewani ni jambo jingine. Kupeleka kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mwenye leseni hupewa herufi za kujitambulisha, ambazo kwetu huanza na 5Z. Tena, anayekaa katika nyumba ya kupanga au ya kazi aombe ruhusa kwa barua kabla ya kuchimba shimo.

Pili, kuchagua. Eriali ya waya uliolala kwa megahezi 7 inataka nafasi ya futi 66 na kitu cha kuifunga huku na huku. Ni nani katika landhi mwenye nafasi hiyo? Nguzo wima inataka mahali padogo tu. Tena hutupa mawimbi chini chini pande zote, nayo huenda mbali sana kabla ya kurudishwa na anga. Kwa hiyo mtu wa Nakuru aweza kusikiwa Ulaya, na mwenzake wa Naivasha asimsikie hata kidogo. Anayetaka kuzungumza na Naivasha na Eldoret, heri atandike waya wa chini uliolala, maana huo hutupa mawimbi juu yakaanguka karibu. Tena nguzo wima husikia kelele nyingi za mashine na taa za jirani. Basi kabla ya kununua bomba, jiulize: nataka kuzungumza na nani?

Urefu wake ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua 234, ugawe kwa megahezi unazotaka, nawe utapata futi. Kwa megahezi 7.1 ni futi 33. Kwa 14.2 ni futi 16 na inchi 6. Kwa 28.4 ni futi 8 na inchi 3. Anayeanza achukue ile ya futi 16 na nusu. Watu wawili waweza kuisimamisha bila taabu. Bomba la aluminiamu linafaa. Lisiguse udongo, liketi juu ya kipande cha plastiki nene, na lishikwe kwa kamba za nailoni pande tatu. Usitumie waya wa chuma kulishika, maana waya huo nao utakuwa eriali.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mimi nilisimamisha nguzo yangu vizuri, nikapigilia fimbo moja ya shaba ardhini, nikaunga kebo. Mita ya kupima mawimbi yanayorudi ilionyesha kwamba mambo ni mazuri kabisa. Nikaita majuma matatu. Hakuna aliyenijibu.

Wazee wa reli wataelewa kosa langu. Telegrafu ya zamani ilikuwa na waya mmoja tu juu ya nguzo, na njia ya kurudi ilikuwa ni ardhi. Eriali hii ni vivyo hivyo. Marconi, mwezi wa Desemba 1901, mwezi ule ule reli yetu ilipofika Kisumu, aliinua waya mrefu kwa tiara huko Newfoundland, akasema amesikia ishara kutoka Uingereza. Lakini yeye tangu 1895 alikwisha kujua kwamba waya wa juu peke yake hautoshi. Upande wa pili lazima uunganishwe na ardhi.

Na ardhi yetu ya Nakuru ni majivu ya volkano, kavu, haipitishi umeme vizuri. Ndugu wa Mombasa walio kando ya maji ya chumvi wamebarikiwa kuliko sisi. Nguzo ya namna hii ina omu kama 36 za kutoa mawimbi. Udongo ukiwa na omu 36 nyingine za hasara, nusu ya nguvu yako inapasha udongo moto: wati 100 zinakuwa 50. Udongo ukila omu 14 tu, jumla inakuwa 50, sawasawa na kebo, na mita inafurahi! Mita haijui kama nguvu imekwenda hewani au imewapasha siafu moto.

Dawa yake ni waya, ambazo mimi naziita mizizi. Tandaza waya 16 kutoka chini ya nguzo kwenda pande zote, kila moja futi 16 hivi, ukaziunge zote na nyuzi za nje za kebo. Urefu si lazima uwe sawasawa kabisa. Afadhali waya nyingi fupi kuliko chache ndefu. Ukipata 32 ni bora. Vituo vikubwa vya utangazaji hutandaza 120, lakini sisi hatuna haja hiyo. Zilaze juu ya majani na kuzibana, au uzifukie inchi moja ili watoto wasijikwae. Mimi nilitumia waya wa mota zilizoungua, nilizonunua kwa fundi na kupewa risiti. Usichukue hata futi moja ya waya wa reli, ndugu. Chama hakiwezi kukutetea kwa jambo hilo.

Jioni nilipomaliza kuunga mizizi, niliita mara mbili, akajibu mtu wa Afrika Kusini. Nguzo ilikuwa ile ile.

Mwisho, hatari. Kabla ya hii nilikuwa na bomba la futi 33. Tulikuwa tunaliinua, mimi na jirani yangu, wakati mzee mmoja mstaafu wa reli alipopiga kelele, "Laza chini! Tazama juu!" Ncha ilikuwa imebakiza kama hatua tatu kufika kwenye waya wa stima. Sisi, tunaotazama pande zote kabla ya kuvuka reli, hatukutazama juu. Jirani yangu ana watoto wanne.

Basi shika kanuni hii: nguzo isimame mbali na waya wa stima kwa umbali unaozidi urefu wake mara mbili, ili hata ikianguka isiuguse. Na mawingu ya radi yakikusanyika, uwe umekwisha kuchomoa kebo na kuiacha nje ya nyumba. Usingoje kusikia ngurumo. Uzio mdogo wa mbao uzunguke shina, maana mtoto akilishika wakati unapozungumza aweza kuungua mkono.

Anayetaka kusimamisha yake, nitakuja kumsaidia siku ya mapumziko. Lakini aje kwanza na vipimo viwili: urefu wa nguzo yake, na umbali wa waya wa stima. Pasipo hivyo sitashika spana.