Hotuba juu ya Leseni ya Motakaa na Anwani ya Mwenyewe



Leo twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini hasara yake yaweza kuwa kubwa. Nalo ni hili: mtu akaaye Uingereza, mwenye leseni ya kuendesha motakaa, akahama nyumba, asiandikishe anwani yake mpya.

Huenda mtu akauliza, "Mambo ya Uingereza yatuhusu nini sisi tulioko mashambani?" Twamjibu kuwa yatuhusu, kwa kuwa watoto wetu wako huko. Wako vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda waliokwenda kusoma, kuuguza wagonjwa, na kufanya kazi za namna nyingi. Na mgeni katika nchi ya watu huhamahama: leo amepanga chumba kwa rafiki, mwakani amepata kazi katika mji mwingine, baadaye ameoa na kutafuta nyumba kubwa zaidi. Kila mara hufungasha nguo na vyombo, lakini anwani yake huiacha nyuma. Tena twajua kuwa neno la mzazi katika simu husikiwa upesi kuliko karatasi ya serikali. Ndiyo sababu twasema nanyi.

Kwanza yafaa kujua asili ya jambo lenyewe. Leseni ya dereva Uingereza ilianzishwa kwa Sheria ya Motakaa ya mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Siku zile mtu alikwenda kwa baraza la wilaya yake, akalipa shilingi 5, akapewa leseni bila kujaribiwa. Jaribio la kuendesha halikuwa lazima mpaka tarehe 1 Juni 1935. Mwaka 1965 ikaanzishwa ofisi kuu katika mji wa Swansea, nchi ya Wales, na baada ya miaka kadhaa daftari za mabaraza zikakusanywa huko. Ofisi hiyo sasa huitwa DVLA, nayo huhudumia England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake mbali.

Basi tazameni tofauti. Karani wa siku za kale alikuwa katika wilaya ileile ya dereva. Pengine alimjua baba yake na nyumba yake. Karani wa Swansea anayo daftari ya mamilioni ya watu, wala hamjui mtu ila kwa yale yaliyoandikwa. Daftari ikisema kuwa mtu yuko Leeds, barua itakwenda Leeds, hata kama mtu huyo amehamia London tangu miaka 2.

Sheria yasemaje? Yasema kwamba mwenye leseni akibadili makazi yake, hana budi kuiarifu ofisi. Asipofanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000. Lakini kuarifu kwenyewe ni bure, hakuna ada hata senti moja. Kwa hiyo mtu anayekawia haokoi fedha yoyote. Ajiwekea deni tu.

Njia za kuarifu ni mbili. Ya kwanza ni kwa mtandao wa intaneti, katika ukurasa wa serikali yenyewe. Mtu huweka tayari leseni yake na anwani za mahali pote alipokaa katika miaka 3 iliyopita. Akimaliza, leseni mpya huletwa kwa posta, kwa kawaida katika muda wa juma moja. Njia ya pili ni kupeleka taarifa pamoja na leseni ya zamani kwa posta mpaka Swansea. Hiyo huchukua muda zaidi, yapata majuma 3. Ajihadhari mtu na watu wa mtandaoni wanaojifanya wasaidizi, wakadai malipo kwa kazi ambayo serikali huifanya bure.

Hapa twaomba msikilize sana, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye motakaa yake mwenyewe ana hati mbili, si moja. Iko leseni ya udereva, ambayo ni ya mtu. Tena iko kadi ya gari, ambayo ni ya motakaa, na ndani yake limeandikwa jina la mtu anayeitunza na anwani yake. Zote mbili hutoka ofisi ile ya Swansea. Lakini kubadili anwani katika moja hakubadili katika nyingine. Kila moja huarifiwa peke yake, zote bure, na asiyearifu juu ya kadi ya gari aweza pia kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000.

Sasa tuonyeshe kwa mfano jinsi hasara inavyokuja. Tuseme yuko kijana, na tumwite Juma. Juma aliendesha lori miaka 15 kati ya Mombasa na Kampala, na barabara aijua. Alipokwenda kukaa Uingereza, sheria ilimruhusu kutumia leseni yake ya Kenya kwa miezi 12 tu. Leseni ya Kenya haimo katika orodha ya zile zinazobadilishwa huko bila jaribio. Ya Tanzania na ya Uganda vile vile. Kwa hiyo ilimpasa kuchukua leseni ya mwanafunzi, na kufanya jaribio la maswali na jaribio la barabarani. Akashinda yote mawili, akapata leseni kamili, akanunua motakaa.

Baada ya miezi 8 Juma akahama. Akajiambia, "Nitaarifu mwezi ujao." Siku moja akapita mahali penye kamera, naye amezidisha mwendo kidogo. Kamera humwona yule mwenye namba, kisha polisi hutazama kadi ya gari ni ya nani na anakaa wapi. Barua hupelekwa kwa anwani hiyo ndani ya siku 14, ikimtaka aseme katika siku 28 ni nani aliyekuwa akiendesha. Barua ya Juma ikaenda nyumba ya zamani. Mpangaji mpya hamjui, akaiweka juu ya meza pamoja na matangazo ya maduka.

Kama Juma angaliipata barua ile, jambo lingalikwisha upesi. Angalikiri, na kwa kosa dogo la mwendo huenda angaliitwa katika darasa la kufundishwa, au angalilipa pauni 100 na kuandikiwa alama 3 za kosa katika leseni yake. Lakini sasa kosa limegeuka. Hashitakiwi tena kwa mwendo peke yake, ashitakiwa kwa kutokujibu, na adhabu ya kutokujibu ni alama 6 na faini isiyozidi pauni 1,000. Kesi yaweza kusikilizwa bila yeye kuwapo, maana wito nao umekwenda nyumba ileile ya zamani.

Na alama 6 kwa Juma ni neno zito. Iko Sheria ya Madereva Wapya ya mwaka 1995, isemayo kwamba mtu akipata alama 6 katika miaka 2 ya kwanza tangu kushinda jaribio, leseni yake huondolewa. Hurudi kuwa mwanafunzi, na kufanya majaribio yote mawili upya. Miaka 15 ya lori haihesabiwi. Mbele ya sheria hiyo Juma ni dereva mpya. Kama kazi yake ni ya kuendesha, kazi imekwisha, na fedha aliyokuwa akiwapelekea wazee wake imekwisha pia. Hayo yote yametokana na anwani ambayo ingaliandikwa upya bila malipo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haki yataka tuseme pia kwamba mlango haukufungwa kabisa. Mtu aliyehukumiwa bila kujua habari ya kesi yake aweza kwenda mahakamani na kuapa kwamba hakujua. Yampasa kufanya hivyo ndani ya siku 21 tangu kupata habari, na kesi huanzwa upya. Lakini huko ni kutafuta dawa baada ya ugonjwa. Mahakama ikimwuliza, "Kwa nini hukupata barua?" naye hana jibu ila kwamba hakuandikisha makazi yake, huo ni utetezi dhaifu.

Wako watu wenye hoja zao. Mmoja husema, "Posta wananipelekea barua zangu nyumba mpya." Ni kweli, posta ya Uingereza huwahamishia watu barua kwa malipo, lakini kwa miezi iliyokubaliwa tu, muda ukiisha, barua hurudi njia ya zamani. Mwingine husema, "Nimekwisha kuwaarifu watu wa kodi ya nyumba, basi serikali yajua." Sivyo. Kule hakuna daftari moja ya makazi ya watu wote. Baraza la mji ni mlango mmoja, DVLA ni mlango mwingine, daktari ni mwingine, idara ya uhamiaji ni mwingine. Kila mlango hubishwa peke yake. Tena wasisahau kampuni ya bima, maana bei ya bima hufuata mahali motakaa inapolala, na aliyeficha kuhama kwake aweza kukataliwa malipo siku ya ajali.

Wa tatu husema, "Mimi sina motakaa, leseni yangu imo mfukoni tu." Naye yampasa kuarifu. Kadi yenye picha hutakiwa kufanywa upya kila miaka 10, na barua ya kumkumbusha hupelekwa kwa anwani iliyo katika daftari. Mtu afikapo umri wa miaka 70, leseni nzima hutakiwa kufanywa upya, na baadaye kila miaka 3. Wazee wengi waliokwenda huko zamani sasa wamefika umri huo. Tena katika Uingereza raia halazimishwi na sheria kuchukua kitambulisho cha taifa kama tulicho nacho sisi. Vile vya wakati wa vita vilifutwa mwaka 1952. Kwa hiyo leseni ndiyo wengi huionyesha benki na kwa mwenye nyumba, na leseni yenye anwani ya uongo humtia mwenyewe mashakani.

Yako mambo mawili ya kuongeza. Mwanafunzi anayekaa chuoni kwa muda, naye ana nyumba ya kudumu ambako barua humfikia sikuzote, halazimiki kubadili. Na mtu akirudi kukaa huku kwetu, asijaribu kuandikisha kijiji chake katika leseni ya Uingereza. Ofisi ile haiandiki anwani ya nchi za nje. Na aende kwa wenye kutoa leseni katika nchi anayokaa.

Basi, wazee na walimu, twawaomba neno moja. Mtoto akipiga simu kusema, "Nimehama," msimwulize tu kama nyumba ni nzuri na kodi ni kiasi gani. Mwulizeni pia, "Leseni umeiandikisha? Na kadi ya gari? Na bima?" Akisema bado, mwambieni aifanye siku ileile kabla ya kulala. Barua ya serikali haimtafuti mtu mtaani kama jamaa afanyavyo. Huenda mahali ilipoandikiwa, na isipojibiwa, shauri huendelea bila mwenyewe.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia.